Podikasti ya vyura kwa Kiswahili: namna ya kuianzisha na simu yako tu

Kila nikimwambia mtu kwamba natamani kungekuwa na podikasti nyingi za vyura, zile za watu waliochizika kabisa, mtu anaongea dakika ishirini kuhusu koo la chura mmoja na hachoki, najibiwa kitu kilekile: "si uanzishe wewe?" Haya, nikaanza. Sasa maswali yamegeuka, kila wiki naulizwa nahitaji maiki gani, mi sijasoma baiolojia naweza?, vyura nawapata wapi, alafu hivi kweli kuna cha kuongea kuhusu vyura kipindi kizima? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi noti kwa hiyo yote nimeyamwaga hapa.

Tulivyokua tuliambiwa kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mi ndo yule ng'ombe aliyesahau maji akakaa kusikiliza kelele. Kama na wewe ni wa hivyo, endelea kusoma.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu yoyote yenye uwezo wa kurekodi, na nafasi ya kutosha. Faili la WAV (sauti isiyobanwa) la mono linakula kama MB 5 kwa dakika, kwa hiyo ukirekodi dakika ishirini ni MB 100 na kitu. Futa zile video za harusi kwanza.
- Tochi ya kichwani, ili mikono yote miwili ibaki huru.
- Gambuti. Sio hiari, nitaeleza.
- Earphone za waya, hata za bei ya chini kabisa.
- Daftari na kalamu. Simu itakuwa inarekodi, huwezi kuandikia humohumo.
- Soksi nzito moja, safi. Utaona kazi yake.
- Kompyuta yenye Audacity (ni bure), au programu yoyote ya kukata sauti kwenye simu kama kompyuta huna.
- Mtu wa kwenda naye. Usiende bwawani usiku peke yako, hili sina mzaha nalo.

Maiki ya kununua haipo kwenye orodha kwa makusudi. Watu wananunua maiki mwezi wa kwanza, mwezi wa pili kipindi kimekufa na maiki iko sokoni. Rekodi vipindi vitano kwa simu kwanza.

Hatua ya 1: Chagua chura MMOJA

Hapa ndo wengi wanaharibu. Mtu anafungua kipindi cha kwanza kinaitwa "Vyura wa Afrika", anataja majina kumi na tano kama mwalimu anayeita mahudhurio, mwisho hakuna mtu anayekumbuka hata moja. Chukua chura mmoja, tena ikiwezekana jambo moja tu la huyo chura linalokunyima usingizi.

Mifano ya kuanzia, yote ya huku kwetu Tanzania:

Yule mkubwa wa uani, mwenye mabaka, anayekaa chini ya taa anakula wadudu wanaodondoka. Kitaalamu ni Sclerophrys gutturalis, sauti yake ni kama mzee anayekoroma kwenye basi la usiku. Unamrekodia mlangoni kwako, hakuna safari wala kibali.

Kassina senegalensis, huyu mlio wake ni kama tone kubwa la maji linadondoka kwenye mtungi, "bwoip!", na kitu kizuri ni kwamba harukiruki sana, anatembea na kukimbia. Chura anayekimbia! Hapo tayari una dakika kumi.

Chiromantis xerampelina anajenga kiota cha povu juu ya mti, kwenye tawi lililoning'inia juu ya maji, mayai yanakua ndani ya povu alafu baada ya siku chache viluwiluwi vinadondoka chini majini kama mvua. Mchana anakaa juani anageuka karibu mweupe. Onyo tu kwamba mlio wake ni mdogo sana, ukimchagua jiandae kuongea zaidi wewe.

Xenopus, wale bapa wa kwenye madimbwi na visima. Hana ulimi kabisa, chakula anakisukumia mdomoni kwa mikono, na analia akiwa CHINI ya maji, ka-ka-ka kama mtu anabonyeza kalamu. Ndugu zake wa Afrika Kusini ndio waliotumika kupima mimba kuanzia miaka ya 1930, jike alidungwa mkojo wa mama, akitaga mayai basi jibu ni ndiyo. Ukimwambia msikilizaji hivyo hazimi simu.

Alafu kuna wale wa milimani. Milima ya Ukaguru ina Churamiti maridadi, na hilo sio jina la utani, wanasayansi waliomwandika mwaka 2002 walichukua Kiswahili hivyo hivyo kilivyo, chura + miti, wakamalizia na maridadi. Ukaguru hiyohiyo mwaka 2023 ikatoa chura mwingine, Hyperolius ukaguruensis, ambaye HALII. Dume kimya. Podikasti ya sauti kuhusu chura asiye na sauti, mi nasema mtu aifanye haraka kabla sijaifanya mimi.

Na chura wa Kihansi bila shaka. Chini ya sentimita 3, jike anazaa watoto ambao tayari ni vyura, hakuna yai la kuonekana wala kiluwiluwi cha kuogelea. Aligunduliwa 1996 kwenye rasharasha za maporomoko ya Kihansi kule Udzungwa, sehemu moja ndogo tu duniani, 2000 maji yakapelekwa kuzalisha umeme na rasharasha zikakatika, mwaka huohuo vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Marekani, 2009 ikatangazwa porini hayupo tena, 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao. Chura huyu kasafiri kuliko mimi. Ila sio wa kipindi cha kwanza, kuna mengi ya kuhakikisha na korongoni huendi kiholela.

Hatua ya 2: Panga usiku, na toa taarifa

Vyura wanalia kutafuta jike, na wengi wanasubiri mvua. Usiku mzuri kuliko yote ni ule wa baada ya mvua kubwa ya kwanza ya vuli au masika, kuanzia saa moja na nusu usiku mpaka kama saa tano. Hapo hata shimo la kuchimba mchanga lina tamasha. Mashamba ya mpunga, mitaro mipana, mabwawa ya ng'ombe, madimbwi ya pembeni ya reli, vyote sawa.

Sasa taarifa. Mtu anayeinama bwawani saa nne usiku na tochi kichwani, huku kwetu ana maelezo mawili tu, mwizi au mchawi. Mara yangu ya pili kutoka nilizungukwa na vijana wanne wenye fimbo, nikawa nawachezea rekodi ya chura huku natetemeka, mmoja akasema "huyu mgonjwa" wakaniacha. Tangu siku hiyo naenda kwa mjumbe mapema jioni, namsalimia, namwambia mzee leo niko pale bwawani na mwenzangu tunarekodi vyura kwa ajili ya kipindi, na mwenye shamba pia naongea naye. Dakika kumi tu. Faida ya ziada ni kwamba wazee wanajua bwawa gani linalia na lini, kuliko mtandao wowote.

Ukitaka kuingia msitu wa hifadhi, kibali ni TFS (wakala wa misitu), na hifadhi za taifa ni TANAPA (shirika la hifadhi). Ulizia kabla, sio getini.

ANGALIZO: usiingie majini peku. Madimbwi mengi yana kichocho, na nyoka nao wanafuata vyura kwa sababu ni chakula chao. Ndo maana ya gambuti. Kama ni mto wenye mamba au kiboko, tafuta bwawa lingine, hakuna chura wa thamani hiyo.

Hatua ya 3: Rekodi

1. Weka simu kwenye hali ya ndege. Hakuna kitu kinauma kama mlio mzuri kuliko yote ulioingiliwa na ujumbe wa "ndugu mteja".

2. Fungua programu ya kurekodi, weka WAV, na ZIMA kila kitu kinachoitwa kupunguza kelele. Simu nyingi zimetengenezwa kusikia binadamu, chura kwake ni kelele ya kufutwa, utafika nyumbani ukute rekodi ya ukimya yenye vipande vya chura kama vile anazama.

3. Vika simu ile soksi upande wa maiki. Inakata upepo. Inachekesha, inafanya kazi.

4. Ukifika, vyura watanyamaza. Usiondoke! Zima tochi, simama au chuchumaa bila kusogea, dakika tano mpaka kumi. Ataanza mmoja mbali, wa pili atamjibu, alafu bwawa zima linafumuka. Wanaosema "nilienda hakuna kitu" wengi waliondoka dakika ya tatu.

5. Bonyeza rekodi na kabla ya kitu chochote sema kwa sauti ya chini: tarehe, saa, mahali, mvua imenyesha lini, kuna baridi au joto. Baridi inapunguza kasi ya mlio, kwa hiyo hiyo taarifa utaihitaji.

6. Rekodi kwanza kundi zima dakika tatu ukiwa mbali kidogo. Kisha sogea kwa chura mmoja, weka simu kama mita moja kutoka kwake, na usisogee. Vile vidogo vya kwenye matete, Hyperolius, sentimita mbili na nusu tu lakini akilia karibu anapasua maiki.

7. Acha sekunde 60 za mazingira matupu bila wewe kupumua puani. Utanishukuru wakati wa kuunganisha.

ANGALIZO kuhusu mikono: kama umejipaka dawa ya mbu usimguse chura, ngozi yake inanyonya kila kitu. Na kwa kweli huna sababu ya kumgusa, kipindi ni cha sauti. (Hapana, hautaota chunjua, zile zinatokana na kirusi cha binadamu. Lakini yule mweusi mwenye michirizi myekundu, Phrynomantis, ngozi yake ina sumu inayokera, mwache.)

Ukitoka bwawa moja kwenda lingine osha gambuti na uzianike zikauke. Kuna kuvu wa ngozi anayeua vyura dunia nzima na anasafiri kwenye matope, aibu iliyoje chizi wa vyura ndo awe amewapelekea.

Hatua ya 4: Hakikisha ni nani huyo

Kwanza hakikisha ni chura. Sio utani, kipindi changu cha kwanza kabisa nilimsifia kwa dakika nane "chura wa ajabu asiyepumzika" na alikuwa chenene. Kanuni ya haraka: mlio mwembamba unaoenda mfululizo bila kukata, ukitokea ardhini au nyasini mahali pakavu, mara nyingi ni mdudu. Chura anasukuma hewa kutoka mapafuni kwenda kwenye puto la kooni na kuirudisha, mdomo umefunga, kwa hiyo mlio una mapigo, na ukikaribia ananyamaza ghafla.

Kama unamwona, piga picha ya mgongo, ubavu na vidole. Pakia picha na sauti kwenye tovuti ya iNaturalist, watu wa huko watakusaidia, alafu soma maelezo ya huyo chura kwenye tovuti ya AmphibiaWeb. Usipopata jina la spishi, sema jenasi, lile jina la kwanza. "Huyu ni Hyperolius fulani, sijafika mwisho" ni sentensi nzuri sana kwenye podikasti, msikilizaji anakuwa mpelelezi pamoja na wewe.

Kuhusu ubishi wa "hiyo ni frogi au ni todi", sisi Kiswahili kimetuokoa, wote vyura. Na kisayansi ni hivyohivyo, chura wa Kihansi mwenyewe yuko kwenye familia moja na yule mkoromaji wa uani.

Hatua ya 5: Andaa cha kusema

Usiandike kila neno. Ukisoma karatasi unasikika kama taarifa ya habari na raha yote inakufa. Andika vitu vinne kwenye daftari: ulikuwa wapi, ulisikia nini, swali lako moja, na jibu ulilolipata (au ulipokwama). Basi.

Majina ya kilatini yaseme bila woga, gawa vipande, Nectophrynoides (jenasi ya chura wa Kihansi) iwe nekto-frino-idesi, rudia mara tatu huku unacheka. Ukiyakwepa msikilizaji hawezi kwenda kutafuta mwenyewe. Alafu ulizia majina ya kienyeji, piga simu kwa bibi, kwa makabila mengi kuna jina la chura wa mvua na jina la wa kisimani, mambo ambayo hayapo kwenye kitabu chochote ulichosoma. Rekodi hiyo simu kwa ruhusa yake na iweke kwenye kipindi. Kwa upande wangu sehemu za bibi zinapendwa kuliko mimi, nimeshakubali.

Hatua ya 6: Rekodi sauti yako

Chumba kidogo chenye vitambaa. Mi naingia kati ya kabati lililofunguliwa na godoro lililosimamishwa, juu nimetupia blanketi, natoka jasho kama niko mazoezini lakini mwangwi hakuna. Simu iwe shibiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" zisipige. Zima feni na friji. (Kumbuka kuwasha friji! Nyama ya kilo mbili, sitaki kuongelea.)

Ukisisimka acha usikike. Ukipiga kelele, piga. Hiyo ndo bidhaa unayouza, maelezo matupu mtu atayapata kokote.

Hatua ya 7: Unganisha

Anza na chura, sio na wewe. Sekunde 15 za mlio peke yake, bila muziki, kisha ndo useme "huyu jamaa...". Muziki chini ya mlio wa chura ni dhambi, usifanye.

Kwenye Audacity kata besi ya upepo chini ya Hz 150 hivi, usipande sana maana wakoromaji wakubwa nao wana sauti nzito utawakata na wao. Kile kifaa cha kuondoa kelele kitumie kwenye sauti yako tu, KAMWE kwenye ya chura. Sawazisha kipindi kizima kwenye -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), alafu sikiliza kwa earphone na ushushe vile vidogo vya matete kwa mkono, vinachoma masikio kuliko kipimo kinavyoonyesha.

Toa MP3 ya kbps 96 mono. Kipindi cha dakika 15 kinakuwa kama MB 10 na kitu, msikilizaji wa bando atakubariki.

Hatua ya 8: Jina, na kupandisha

Usiite kipindi "Chura" peke yake. Nenda mtandaoni uandike chura uone unaletewa nini, ni video za watu wanatikisa makalio mwanzo mwisho, na wasikilizaji wako nao wataishia huko na hawatarudi. Weka "vyura wa Tanzania" au "amfibia" au "viluwiluwi" kwenye jina.

Pandisha kwenye huduma ya bure kama Spotify, alafu kata kipande cha sekunde 60 cha mlio wenyewe utume kwenye magrupu ya WhatsApp ukiuliza "huyu ni nani?" Hiyo inaleta watu kuliko tangazo lolote. Kwa Tanzania kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, pitia TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ujue kipindi chako kinaangukia wapi kabla hakijakua.

Chura adimu usitaje bonde lake wala kijito chake, sema mlima inatosha. Kuna wanaowauza.

Ukikwama

*Rekodi inakwaruza.* Ulikuwa karibu mno, sauti imepasuka na haiponi. Rudi kesho, simama mita mbili.

*Sauti inapanda na kushuka yenyewe.* Simu inajirekebisha kiwango. Tafuta kwenye mipangilio uzime, ikikataa badilisha programu.

*Nasikika naboa.* Uwezekano mkubwa umechagua chura ambaye hujali. Badili chura.

*Nimesema kitu cha uongo na kipindi kiko hewani.* Kipindi kinachofuata anza nacho: "wiki iliyopita nilisema chenene ni chura." Mi kile cha masahihisho ndo kimesikilizwa kuliko vyote, watu wamenitania mpaka leo.

*Sina wasikilizaji.* Una wangapi? Kumi na moja? Mi nilikaa na tisa miezi minne, mmoja ni mama na alikuwa anaacha simu inaongea yenyewe jikoni.

*Kiangazi kimefika, kimya kila mahali.* Nenda kwenye maji ya kudumu, mpunga wa umwagiliaji au kisima cha wazi. Chukua simu ya zamani, ifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki isiyovuja, ishushe kwa kamba nusu mita chini ya maji, na usubiri. Ukisikia ka-ka-ka, huyo ni yule asiye na ulimi. Funga ile kamba vizuri lakini, yangu moja iko kisimani mpaka sasa.